Aliyesimama Kwanza Ukumbini

Hapo zamani, ingawa si zamani sana, ni aibu yangu tu inayotaka iwe zamani, tulikuwa watu watatu na santuri moja. Santuri ilikuwa ya Tobia, fundi redio. Ndani yake hazani, yaani mwimbaji wa sala za Kiyahudi, aliimba sala ya wafu kwa sauti inayopanda, inayolia, inayomlalamikia Mungu kama mtoto aliyenyimwa. Bi. Naumi alikuja kusikiliza kwa sababu baba yake ndiye aliyeiimba sala ile katika sinagogi dogo la mji wetu. Alipofariki hakubaki wa kuiimba, akazikwa kimya. Mimi nilikuja kujifanya mjuzi. Mtu akikohoa, namkodolea macho.

Sala ilikuwa ndefu, haikuenea upande mmoja. Ikifika katikati upande unakwisha, nainuka, naigeuza santuri. Miaka kumi na mmoja niliinuka hivyo.

Siku moja hazani mwenyewe, sasa mzee, akaja Nairobi kuimba. Tukaenda, tukakaa mstari wa mbele. Nilivaa tai. Akaimba. Sala ikafika katikati, na mimi huyo, nikainuka! Miguu ilikuwa inakwenda kugeuza santuri, jamani, na mbele yangu hakuna santuri, kuna mzee wa watu ananitazama.

Bi. Naumi naye akainuka. Ukumbi mzima ukadhani ndiyo desturi, ukainuka. Tobia peke yake alibaki ameketi, amefumba macho, machozi yanamtiririka. Hakujua hata kama kuna mtu amesimama.

Mwisho hazani akanishika mikono, analia. Akasema kupitia mkalimani, "Kwenye matamasha hunipigia makofi tu. Leo wamesimama kama watu walio katika sala. Mwanangu, kwa nini ulisimama?"

"Moyo ulinisukuma, baba," nikajibu, mimi mwongo.

Akanipa santuri nyingine aliyoirekodi ujanani, nakala pekee iliyobaki.

Njiani roho ikanisuta, nikawaambia wenzangu ukweli. Tobia alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara. Bi. Naumi hakucheka.

"Basi nipe mimi," akasema. "Wewe uliinuliwa na mazoea. Mimi nilisimama kwa ajili ya baba yangu, ambaye hakuimbiwa siku ya kuzikwa."

Tobia akajifuta macho. "Mlisimama, na bila shaka mkaanza kuangaliana. Nani alisikiliza mpaka mwisho? Na bila gramafoni yangu, huyo hazani mngemjulia wapi?"

"Na bila miguu yangu," nikasema, "mzee angeondoka na makofi yake yale yale." Nilipaza sauti sana, kama kawaida yangu nikiwa sina uhakika.

Santuri iko mezani kwangu mpaka leo. Hatujaipiga hata mara moja, maana hakuna anayekubali mwenzake aiguse. Na jana imefika barua: hazani anaumwa, anauliza kama sauti yake bado inasikika vizuri katika santuri ile.

Nimjibu nini? Nichekeni kwanza, mmalize, kisha mniambie: katika sisi watatu, nani alistahili santuri ile?