Kindi na Mchunguzi wa Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo Tembo alivaa msuli na kulalamika kuwa unambana, Tembo huyo alitafuta mtunza ghala.

Kindi akajitokeza. Nzige walikuwa wamemaliza shamba lake lote, na watoto wake walilala njaa. Kazi hii akiikosa, basi tena.

Tembo hakumkaribisha hata kiti. "Hupati! Fisi amekuchunguza."

"Lini? Mbona sikuulizwa?"

"Mwombaji haulizwi! Wanaulizwa majirani."

"Haya, wamesema nini?"

"Hiyo ni siri yangu. Toka!"

Kindi akatoka machozi yakimtiririka. Nje akamkuta Fisi anaguguna mfupa, kwa, kwa, kwa!

"Shikamoo mjomba. Waombaji unawachunguzaje?"

"Marahaba. Rahisi tu! Naingia kwa jirani saa ya chakula, nakula, nasikiliza. Mwombaji mwenyewe simtazami usoni, asije akanipotezea muda kwa kujitetea."

Ala! Kindi akafuta machozi. "Basi yupo mwombaji mwingine, mjomba. Ng'ambo ya mto wanamwita mtoto wa Bi Mashavu."

Kesho yake Fisi akarudi, tumbo ndi, mfupa mkononi! Kindi akajibanza dirishani asikilize.

"Bwana mkubwa, huyu hafai! Amekanyaga mahindi ya watu. Kisima cha kijiji kakinywa chote, gubu gubu gubu! Harusini kakalia kochi la bibi harusi, kra! Na utotoni alipiga chafya, chwaa, nyumba ya bibi yake ikaanguka!"

"Loo!" Tembo akapiga meza. "Jitu gani hilo lisilo na haya? Lisikanyage hapa kwangu! Linaitwa nani?"

"Mtoto wa Bi Mashavu."

Masikio ya Tembo yakalegea.

"Bi Mashavu ni mama yangu," akasema polepole.

Fisi akameza mfupa mzima mzima.

"Lakini haikuwa hivyo!" Tembo akapiga kelele. "Kochi lilikuwa limeoza! Na nyumba ya bibi niliijenga upya mwenyewe! Mbona hukuniuliza?"

"Mwombaji haulizwi," Kindi akaitikia dirishani.

Tembo alitaka kukasirika, akashindwa. Aibu ilimshika, kisha kicheko, mabati yakatikisika.

"Njoo, mama Kindi, keti. Fisi anasema unaiba karanga na kuzificha ardhini. Nawe unasemaje?"

"Kuzificha nazificha, bwana, lakini nazilima mwenyewe. Zile nilizozifukia ndizo zilizotufikisha hadi juzi. Kama hunisadiki, majirani waitwe, ila nami niwepo."

Wakaitwa. Wakaulizwa mbele yake nani aliyemwona akiiba. Hakuna! Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake. Tembo akamkabidhi Kindi funguo za ghala.

Jioni hiyo watoto wa Kindi walikula uji wa mtama mpaka wakasinzia. Na Fisi, tangu siku hiyo, akitumwa kumchunguza mtu, hubisha hodi kwanza kwa mwenyewe, na huko hapewi hata tonge.

Basi, wanangu, usimnyime mtu riziki kwa maneno ambayo hajayasikia wala kuyajibu: anayesemwa naye ana mdomo.