Viatu vya Ngassa

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, nje kidogo ya mji wa Tabora palikuwa na uwanja wa Bi Nyanzala. Kila Ijumaa alasiri walikusanyika hapo watu wa safari, watu wa nyimbo na watu wa maneno. Walikunywa kahawa yake, wakakalia mikeka yake, wakabishana mpaka kuku wake wakakimbilia kwa jirani. Bi Nyanzala aliwavumilia kwa sababu moja tu. Kikao kile kilianzishwa na kaka yake, Luhende, mpiga zeze, na Luhende alikuwa ameshakufa.

Kabla ya kufa, Luhende alimwachia dada yake zeze lake na neno moja. "Mpe yule atakayewafanya watu wasahau kwenda kwao." Basi zeze likatundikwa ukutani. Likangoja, likangoja, mpaka wadudu wakaanza kutoboa mpini wake. Kila Bi Nyanzala alipolipangusa vumbi, moyo ulimuuma.

Kikao kilikuwa na mwiko wake. Hakuna aliyeruhusiwa kusimulia mahali asipopakanyaga. Kwa hiyo msimuliaji alisimama mbele ya watu amevaa viatu vya safari yenyewe, na vumbi la njiani halijafutwa. Huna vumbi, huna hadithi. Kaa chini unywe kahawa.

Sasa sikilizeni. Alikuwapo Ngassa, mchuuzi wa chumvi, mwenye miguu isiyotulia. Alitembea mpaka kwenye kivuko cha mto mkubwa, na huko akamsikia mama mmoja akimwimbia mwanawe aliyevuka asirudi. Wimbo ulimchoma. Na kabla haujaisha, akalala! Mtu anatafuta hadithi mpaka nyayo zinachubuka, anaikuta, anailalia.

Akarudi, akasimama kusimulia. Akaanza na bei ya chumvi. Akaja kwenye malengelenge. Akarudi kwenye bei ya chumvi. Alipofika mtoni, nusu ya watu walikuwa wanatafuta ndala zao.

Alikuwapo Limi, mshona nguo, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Yeye aliuchukua ule wimbo uliokatika akautungia mwisho. Katika mwisho wa Limi, yule mama anaacha kuita, anaanza kumpikia kila mgeni anayevuka.

Na alikuwapo Mihayo, kinyozi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda sokoni. Lakini mpe Mihayo kisa, utasahau kwamba nusu ya kichwa chako bado haijanyolewa. Ijumaa iliyofuata aliviazima viatu vya Ngassa, akasimama navyo, akasimulia, na Limi akaimba.

Lo! Watu walisahau. Maharage yaliungua. Mbuzi waliingia shamba la watu. Mtu mmoja aliyekuwa anangojwa na wakwe zake, basi walimngoja. Mvua ikanyesha na hakuna aliyenyanyuka. Bi Nyanzala mwenyewe aligeuka amwambie kaka yake, "Umesikia hiyo?" Ndipo akakumbuka. Alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Akaingia ndani, akalitungua zeze. "Limempata mwenyewe," akasema.

Mikono mitatu ikanyooshwa kwa pamoja.

"Ni langu, mama," alisema Ngassa. "Nani aliyetembea? Bila miguu yangu msingeujua hata huo mto. Na wewe Mihayo, nilikuazima viatu, sikukuazima safari!"

"Ulikwenda, ukalala," alijibu Limi. "Watu walilia wapi? Mwishoni. Na mwisho ni wa nani? Ni wangu."

"Mwisho wako ni wa kubuni!" Ngassa akafoka. "Hapa hatubuni safari."

"Na hapa hatusimulii usingizi," Limi akamjibu.

"Jamani, jamani," alisema Mihayo, bado amevaa vile viatu. "Ngassa aliyasema yaleyale, mkapiga miayo. Limi ameimba mwisho wake dirishani kwake wiki nzima, na wapita njia wakapita. Mimi niliposimama, nani aliondoka?"

"Umevunja mwiko!" wakamwambia wote wawili, na hapo tu ndipo walipopatana.

"Nimevaa vumbi. Mwiko unasema vumbi."

Bi Nyanzala akaingilia kati. "Basi lipokezaneni. Ijumaa hii huyu, Ijumaa ile yule."

Wakakataa. Walisema zeze la kupokezana ni kama punda wa kijiji, kila mtu humpakia mzigo na hakuna anayemlisha. Ngassa akaapa kwamba akinyimwa hataleta tena habari ya njia yoyote. Limi akaapa kufunga mdomo. Mihayo akaapa kwamba atawasimulia wateja wake tu. Na wote watatu walimaanisha.

"Luhende!" Bi Nyanzala alipaza sauti, hasira na machozi vimechanganyika. "Si ungeniachia hata shamba la mihogo!" Maana aliona wazi. Akilirudisha zeze ukutani, wadudu watalimaliza. Akimpa mmoja, wawili wataondoka, na kikao cha kaka yake kitaondoka nao. Na neno la marehemu lilisema mmoja. Halikusema watatu.

Watu wakamkodolea macho. Mikono mitatu haikushuka. Ngassa pekupeku, Limi na uzi wake shingoni, Mihayo ndani ya viatu visivyo vyake.

Haya, mnaosikiliza, msiniangalie mimi, nami nimechoka nao. Simameni pale alipo Bi Nyanzala, na zeze la kaka yenu likiwa mikononi. Aliyekwenda akalala, aliyetunga asiende, na aliyesimulia kwa viatu vya mwenzake: je, kati ya hawa watatu, ni nani aliyewasahaulisha watu kwao?