Kirusi Kisichotakiwa na Mtu

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, hadubini zimeshafika lakini barabara bado, ilizuka homa ya macho mekundu. Dokta Nyamizi, mtafiti wa virusi, alihangaika nayo miezi saba. Siku moja akakiona: kirusi kipya, hakijawahi kuonwa na mtu. Alifurahi hadi akasahau kula.

Lakini kirusi lazima kiandikwe kwenye daftari kuu, na hakiandikwi bila jina. Kisipoandikwa, watengeneza dawa hawaanzi kazi. Na desturi ya watafiti ilikuwa moja: kirusi hupewa jina la kilikotoka.

Basi akaitisha kikao cha vijiji viwili, Mwibale na Kisonga, akidhani watu watagombea heshima ile. Wapi bwana.

"Si Mwibale," akasema Mzee Lusangija, mrina asali wa Mwibale. "Popo mliwakamata pangoni kwetu, sawa, na kirusi mlikikuta kwao. Lakini kwetu hajaugua hata mmoja. Mmesahau homa ya Lukwe? Imekwisha miaka kumi, na hadi leo samaki wa Lukwe hawanunuliki. Asali yetu ataionja nani?"

"Si Kisonga," akasema Bi Milembe, mwenyekiti wa Kisonga. "Sisi tumezika watu kumi na wawili. Tuugue sisi, halafu tuitwe ugonjwa? Na popo si wetu."

"Basi andika lako, Dokta," wakasema wote wawili, na hapo tu ndipo walipopatana. "Si wewe uliyekiona?"

Dokta akacheka, kisha akaacha kucheka. "Jina hili ni la bibi yangu. Sitaki watu wakilisikia wakimbilie kunawa mikono."

Ndipo akasimama Kabula wa Kisonga, mgonjwa wa kwanza kabisa, aliyepona akamzika mumewe.

"Andikeni Kabula," akasema. "Mimi watu wameshanikwepa, nimezoea. Wenzangu wanakufa na nyinyi mnabishana."

Dokta akashika kalamu, kisha akaiweka juu ya daftari bila kuandika.

Hapo hata mimi ninayesimulia nimekwama, siwafichi. Mwibale ina popo. Kisonga ina makaburi. Dokta ana sifa ya kukiona. Kabula hana kitu, na ndiye pekee aliyekubali kutoa. Wagonjwa wanangoja dawa, na kalamu nawaachia ninyi.

Je, ni jina la nani lililostahili kuandikwa?