Mita Nyekundu

Wahenga hawakuwa na umeme, lakini masoko waliyajua. Walisema kitu chema hakihitaji mpiga debe, na kinachopigiwa debe kutwa kucha kina sababu yake. Ochoki wa Tabaka aliijua methali hiyo tangu darasa la nne. Kuijua na kuifuata, lo, ni mambo mawili!

Ochoki alikuwa mchongaji wa mawe, tena hodari. Alikuwa na desturi moja asiyoivunja: hakuna jiwe lililoonja tindo yake kabla hajalimwagia maji na kungoja likauke. Jiwe zima hukauka lote pamoja. Lenye ufa hubaki na mstari wa maji, mwembamba kama uzi. Wachuuzi walimletea mawe yaliyozibwa nyufa kwa nta, yakimetameta. Yeye aliyamwagia maji, akacheka, akawarudishia.

Lakini moyo wake ulipenda redio. Akishaweka tindo chini, alifungua redio mbovu za majirani, si kwa malipo, bali kwa raha zake. Mkewe, Roselyne, hakuacha kumtania: "Baba Kwamboka, hizo maiti zako zitafufuka lini?" Ochoki alicheka naye, ingawa neno lenyewe lilimchoma.

Basi amplifaya ya kanisa, ile ya kukuza sauti, ilipokufa wiki ya makambi, mikutano mikuu ya Waadventista ya kila mwaka, na mzee wa kanisa Onyiego akauliza mbele ya waumini nani angeitengeneza, Ochoki alisimama kabla hajafikiri.

"Mimi. Kabla jua la Ijumaa halijatua."

Sabato ikishaingia, hakuna Mwadventista wa kushika bisibisi. Wageni wangetoka hata Gesima kuja kusikiliza mahubiri. Akishindwa, Tabaka nzima ingejua kwamba ufundi wake ni mchezo wa mtoto.

Mita yake ya kupimia umeme, kubwa kama tofali, ilikuwa imejaa vumbi la mawe ikazimika. Sasa alitaka ndogo, ya kuingia mfuko wa aproni. Jumatatu akaenda Kisii mjini, dukani kwa Manju, mjane wa Kihindi aliyeuza vifaa vya umeme miaka mingi. Manju alimtolea mita ya kijivu, fupi kuliko kiganja, katika kisanduku kisicho hata picha.

"Hii tu, Mama? Haina taa, haina rangi?"

"Taa ya nini? Nunua tochi," akajibu Manju bila kuacha kufuma sweta yake. "Betri mpya hii hapa, soketi ile pale. Kwanza gusanisha ncha za nyaya zake mbili, uisikie ikilia. Kisha pima umeme unaoujua, ndipo upime usioujua. Ikikosea, iache hapo hapo."

Ochoki aliona huyu mama hataki kuuza. Akaaga, akaondoka mikono mitupu.

Alipofika Suneka, njiani kurudi nyumbani, alimkuta mchuuzi mwenye kipaza sauti. "Mita ya kisasa! Inapima stima, inapima betri, inapima joto, inapima hata usiyoyajua! Shika, mzee wangu, kushika si kununua!" Ilikuwa nyekundu, ina tochi, na kioo chake kilitoa rangi tatu.

"Naweza kuijaribu?" akauliza Ochoki.

"Kaka, kitu kipya kinajaribiwa? Wewe bibi arusi ulimjaribu?"

Watu wakaangua kicheko. Ochoki naye akacheka, na katika kucheka huko akajikuta ameilipia na kuitia mfukoni. Mtu asiyenunua jiwe bila kulimwagia maji! Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse Ochoki.

Alhamisi akaingia kanisani na Roselyne, akaifungua amplifaya. Swichi ya ukutani ilikuwa legevu, hujui imezima au haijazima, ndiyo maana akapima. Mita nyekundu ikaandika sifuri kwa kijani kizuri.

"Hakuna stima," akasema, akaingiza mkono.

Stima ilimrusha hadi akaangusha benchi.

"Nyasae! Mungu wangu! Baba Kwamboka!" Roselyne alipiga yowe.

Alikuwa hai. Lakini mkono wa kulia, ule wa kushikia nyundo, ulikufa ganzi hadi kiwikoni. Ochoki aliogopa, aliogopa sana, kwa kuwa mkono ule ndio uliolisha nyumba yake. Daktari aliupima, akaufunga kwa kitambaa shingoni, akasema hisia zingerudi, kisha akamkaripia vizuri.

Nyumbani, Roselyne hakutania. Aliiweka mita mezani akamtazama mumewe.

"Hili jiwe lako jekundu, ulilimwagia maji?"

Ochoki akamweleza jaribio alilofundishwa na Manju. Roselyne akagusanisha zile ncha. Kimya. Akautikisa waya, mita ikalia, akauacha, ikanyamaza. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake jekundu.

"Ufa," akasema Ochoki kwa sauti ndogo.

Ijumaa asubuhi hisia zilikuwa zimerudi katika vidole vitatu. Akaenda kwa Manju. Mama yule aliutazama mkono uliofungwa, akamsogezea kisanduku kilekile. Safari hii Ochoki hakuona haya ya kujaribu. Aligusanisha ncha, mita ikalia. Alipima betri, akapima soketi, akarudia betri. Kila mara ilisema kweli, na kila mara neno lilelile. Akainunua.

Alasiri walikuwa kanisani. Ochoki alipima kwanza soketi iliyokuwa ikiwasha taa, akaona mita ina akili zake timamu. Akaichomoa kabisa amplifaya, akapima tena, na sifuri ya safari hii akaiamini. Roselyne ndiye aliyeshika ncha, yeye akielekeza kwa mkono wa kushoto. Walipofika kwenye fyuzi, mita haikulia. Fyuzi ndiyo iliyokufa, basi! Wakaweka nyingine.

Jua likiwa bado juu ya kilima, Roselyne akakishika kipaza sauti. "Moja, mbili," akasema, na kanisa zima likaitika. Akamgeukia mumewe. "Ndugu waumini, maiti imefufuka!"

Mzee Onyiego, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka hadi akakaa chini. Ochoki alijifuta macho kwa mkono wa kushoto, akasingizia vumbi.

Makambi yalipokwisha, watu walimwuliza ile mita ndogo ameitoa wapi. Hakuisifu, aliwapa tu waipime wenyewe. Kabla ya mwezi kuisha, watatu wa Tabaka walikuwa wameingia dukani kwa Manju, ambaye bado anafuma na bado hajaweka hata bango. Yule mchuuzi wa Suneka anasikika siku hizi Keroka, sauti imemkauka kwa kuita. Mita nyekundu ipo rafuni kwa Ochoki, kando ya jiwe moja lenye ufa, na mkono wake umepona, ila kidole kimoja humkumbusha kila ashikapo nyundo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.