Nyumba ya Bi Lubaba

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi mfanyabiashara wa ngozi aitwaye Harithi bin Numani, mcha Mungu, mwingi wa swala na sadaka. Msikiti wa mji ule ulikuwa wa udongo, tena mdogo, na siku za Ijumaa watu wengine walisujudu nje juani. Harithi akanuia kuujenga upya kwa mawe, uwe mpana kuliko misikiti yote ya bonde lile.

Ili kiwanja kitoshe, alimwendea jirani wa msikiti, mjane mkongwe aitwaye Bi Lubaba, akamwomba nyumba yake. Akamwahidi kumjengea chumba ubavuni mwa msikiti.

"Mwanangu," akauliza yule bibi, "umekadiria gharama zake mpaka kwenye paa?"

"Mama, nyumba ni ya Mwenyezi Mungu. Yeye ndiye atakayeikamilisha."

Bi Lubaba akaona haya kuuliza zaidi. Akaitoa nyumba yake, akahamia kibanda cha mpwawe, kando ya zizi la mbuzi. Msikiti wa udongo ukabomolewa. Kuta mpya zikapanda mpaka kimo cha kifua, na hapo mali ya Harithi ikaisha. Aliuza ngozi zote, akauza na mapambo ya mkewe, wala haikutosha hata kwa mbao za paa. Waumini wakawa wanaswali juani wote, wazee kwa vijana.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba Dhakwani, fundi mwashi aliyezijenga kuta zile, ameiba mawe ya msikiti. Harithi aliyasikia maneno hayo, akanyamaza. Alijiambia kuwa ananyamaza kwa subira, ilhali moyo wake ulijua kuwa ananyamaza kwa kuogopa aibu ya kukiri kwamba hakukadiria gharama. Dhakwani akakosa kazi, akahama na mkewe na wanawe.

Baridi ilipoingia, Bi Lubaba aliugua kifua. Harithi akaenda kumzuru.

"Mama, nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe. Lakini yule fundi alikuja kuniaga, akalia mbele yangu. Kwani hukuwaambia watu neno, Harithi?"

Bi Lubaba akafariki kabla ya Ijumaa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Aliswaliwa ndani ya kuta zile zisizo na paa. Baada ya swala Harithi akageuka kuwaelekea watu.

"Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Dhakwani hakuiba hata kokoto. Mimi nilianza kujenga bila kukadiria, na kiburi changu nikakiita tawakali. Na huyu maiti, ni mimi niliyemtoa nyumbani kwake."

Watu walilibeba jeneza, wakampita.

Harithi akafunga safari, akamtafuta Dhakwani mpaka akamkuta katika mji wa mbali, akichota maji kwa ujira. Akamtaka radhi. Dhakwani akampa radhi, ila kurudi alikataa.

"Kule wanangu wameitwa watoto wa mwizi," akasema. "Nenda kwa amani."

Harithi akarejea peke yake. Akafyatua matofali ya udongo kwa mikono yake, akaezeka pembe moja ya jengo kwa makuti ya mtende. Pembe hiyo haikuufikia kwa ukubwa ule msikiti wa udongo alioubomoa.

Ndugu zangu waumini, Mola wetu ni Mkwasi, hana haja na nyumba tunazomjengea. Bi Lubaba alikuwa na haja na yake.