Mwana wa Twiga Aliyeambiwa Hayupo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Ehe, sasa ndiyo. Walioshiba na wenye njaa, watoto na waliowaleta watoto, sogeeni.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule. Haikuwa na paa, haikuwa na mlango. Ilikuwa na kichuguu kimoja kirefu, na juu ya kichuguu alisimama Mwalimu Korongo kwa mguu mmoja. Wa pili aliukunja, sijui alikuwa anauweka akiba ya nini.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi Mwalimu Korongo aliita majina, na alipoyaita alifumba macho. Fumbu! "Jicho hudanganywa," alisema, "sikio halidanganywi." Hivyo alifundishwa na babu yake, na babu yake na babu yake. Kila mtoto aliitika kwa mlio wa kwao. Aliyeitika, yupo. Asiyeitika, hayupo, na Mwalimu alitoboa tundu kwenye kichuguu kwa mdomo wake. To! Matundu matatu mfululizo, mtoto hana nafasi tena. Anapewa mwingine.

Basi siku moja akaja mwanafunzi mpya. Mwana wa Twiga, jina lake Sikudhani. Alifika kabla ya wote. Akasimama mwisho wa mstari, maana wageni husimama mwisho.

Mwalimu akafumba macho. Fumbu!

"Mwana wa Nyumbu!"

"Nguu! Nguu!"

"Yupo. Mwana wa Fisi!"

"Uuu-wiii!"

"Yupo. Mwana wa Kanga!"

"Che-kre-kre! Che-kre-kre! Che-kre-kre!"

"Yupo, yupo, inatosha! Sikudhani mwana wa Twiga!"

Kimya.

Twiga hawana mlio, mnajua. Wana mnong'ono tu, na mnong'ono haupandi kichuguu. Sikudhani alishusha shingo, taratibu, mpaka pua ikagusa nyasi. Kisha akaiinua. Kwao ndivyo wanavyoitika.

"Sikudhani mwana wa Twiga!"

Akashusha tena. Akainua tena.

"Hayupo," akasema Mwalimu. To!

Kanga mdogo akacheka. Kanga akicheka, pori zima linajua. Wakacheka wote. Mwalimu akafumbua macho, akamwona Sikudhani, na asingeweza kutomwona, maana shingo yake ilikuwa inafika nusu ya kichuguu.

"Aa, umefika? Umechelewa, mwanangu. Kesho uwahi."

Jioni Sikudhani akamwambia mama yake, "Mama, nipe mlio."

"Sina, mwanangu. Mimi sina, baba yako hana. Na majani tumekula miaka yote hii bila mlio."

Asubuhi Mama Twiga akaenda naye. Akainama mpaka kwenye sikio la Korongo, akanong'ona, "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu jana alikuwepo."

"Marahaba, Mama Sikudhani. Hata mimi nilimwona."

"Sasa?"

"Hakuitika. Nifanyeje? Mwacha mila ni mtumwa."

Akafumba macho, akaita. To! Tundu la pili.

Siku ile watoto walicheza kufukuzana. Nyumbu mdogo alikuwa anagawa makundi. Alipomfikia Sikudhani, Fisi mdogo akamwambia, "Huyo usimhesabu. Hayupo." Fisi mdogo hakuwa na ubaya. Alirudia alichomsikia mwalimu wake akisema. Jua lilipowaka wakachoka, wakaja kulala kivulini. Kivuli cha nani? Cha yule yule asiyekuwepo.

Siku ya tatu Mama Ngiri aliamka mapema. Alikuwa akingoja nafasi muda mrefu. Akampaka mwanawe tope safi, akaja naye shuleni, wakakaa pembeni wakitazama kichuguu. Wangekuwa wanangoja embe lianguke, wasingekaa vingine.

Sikudhani naye alikuja, lakini mstarini hakuingia. Alisimama mbali, kwenye miiba. Kanga mdogo akamfuata, mbio mbio, tiki tiki tiki.

"We Sikudhani, mbona huku?"

Sikudhani akainama, akanong'ona, "Nangoja kuambiwa sipo, nirudi nyumbani."

"Lakini upo!"

"Nikiwepo sipo. Nisipokuwepo sipo. Na kutoka kwetu ni mbali."

Kanga mdogo alikuwa amecheka wa kwanza, siku ile ya kwanza, na sasa moyo ulimuuma, ulimuuma kweli. Akasema, "Njoo mstarini. Leo tu." Kisha akakimbia kwa Nyumbu, akamnong'oneza. Akakimbia kwa Fisi, akamnong'oneza, na hivyo hivyo mstari mzima.

Mwalimu akafumba macho. Fumbu!

"Mwana wa Nyumbu!"

Kimya.

"Mwana wa Nyumbu! Hayupo?" To! "Mwana wa Fisi!"

Fisi mdogo kicheko kilimpanda. Akajitia mkia mdomoni, akauma. Kimya.

To! "Mwana wa Kanga!"

Hapo, jamani, hata upepo ulisimama kusikiliza. Kanga akanyamaza. Tangu Kanga aumbwe halikuwa limetokea jambo hilo, wala baada ya hapo halikutokea tena.

To! Mwalimu aliita mstari mzima. To! To! To! Mdomo ukamuuma. Akawaza, watoto wangu wamekwenda wapi? Wameliwa?

Akafumbua macho.

Wote walikuwepo. Vichwa chini, pua kwenye nyasi. Wakaviinua taratibu.

"Mbona hamkuitika?"

"Tumeitika, Mwalimu," akasema Kanga mdogo. "Tumeitika kama kina Sikudhani. Yeye anaitika tangu juzi."

Korongo akatazama kichuguu chake. Matundu kila mahali, na shule imejaa. Akaona aibu. Mguu uliokunjwa ukashuka wenyewe, akasimama kwa miwili. Akasema, "Babu yangu hakupata kufundisha Twiga." Kisha, macho wazi, akaita:

"Sikudhani mwana wa Twiga!"

Shingo ikashuka. Pua ikagusa nyasi. Shingo ikainuka.

"Yupo," akasema Mwalimu.

Na mwana wa Ngiri? Akasogezewa nafasi. Uwanja ulikuwa mpana siku zote, ila hakuna aliyewahi kuutazama.

Jioni Mama Twiga akauliza, "Leo mmesoma nini?"

"Sikumbuki, mama," akanong'ona Sikudhani. "Lakini nilikuwepo."

Basi, nyie mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo: mtoto mgeni akija darasani, msimngoje alie mlio wenu ndipo mumhesabu. Anaitika kwa namna ya kwao. Fumbueni macho.

Hadithi yangu imeishia hapo, miguu yake imechoka. Anayetaka iendelee, aibebe mwenyewe.