Baba wa Neno

Hapo zamani, mbuzi wa maskini alipokuwa halali ya kila mwenye kilemba kikubwa, palikuwa na mtaa ukiitwa Kitongoni. Kila Sultani Mwinyikondo apitapo, askari wake hujitwalia mbuzi bila hata hodi. Basi wanawake wakitwanga mpunga, wakimwona kwa mbali, huambiana, "Kaeni macho!" na mbuzi huingizwa uvunguni.

Neno likatembea. Wajukuu wa leo husema Kiingereza nacho kina neno la kuamka, "woke", lililopita njia hiyo hiyo: lilianza onyo, likawa pambo, likaishia tusi. Vijana wa jumba la Sultani wakalidarizi kwenye kofia, nao hawajapotewa hata na kifaranga. Mawaziri wakaligeuza tusi, mtu akiuliza swali barazani huambiwa, "Nyamaza, kaa-macho wee!" Ikawa Sultani akachoka kulisikia.

Akamwita Ngwali, fukara wa Kitongoni aliyesifika kwa ulimi, wa kusema na wa kuonja vya watu. "Niletee baba wa neno hili, nimpandishe punda kinyumenyume, azungushwe mjini. Asipopatikana kabla ya sala ya Ijumaa, Kitongoni naibomoa."

Ngwali akamkumbuka mamake, mgonjwa kitandani, atamlaza wapi? Akainama. "Ewe Bwana wangu, baba huyo hutokea huko huko kwetu. Twende tukamvizie."

Wakaenda. Penye kona akasema, "Ngoja hapa, Bwana." Akapita yeye kwanza, kina mama wakatwanga tu, wakimcheka, "Ngwali, shuka yako imezeeka kuliko mamako!" Akampitisha muuza kahawa, wakatwanga tu. "Sasa pita wewe, Bwana."

Sultani kutokeza tu, michi ikasimama. "Kaeni macho!" Milango ikafungwa pa! pa! na uvunguni mbuzi wakalia mee.

"Yuko wapi huyo baba?" Sultani akafoka.

"Bwana wangu, nimepita mimi, neno halikuzaliwa. Kapita wa kahawa, halikuzaliwa. Umepita wewe, limezaliwa na kulia papo hapo. Nisemeje tena? Punda yu tayari, nimemwazima kwa shangazi."

Askari wakatazama chini, wakiuma midomo. Sultani akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea. "Mlaaniwa wee! Umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe." Akaamuru mbuzi wote warudishwe kwa wenyewe, naye Ngwali apewe majike wawili wa maziwa, wa kumnywesha mamake.

Basi neno likakosa kazi Kitongoni, likasahaulika. Likawa husikika mara moja moja tu, Ngwali apitapo karibu na vyungu vya watu.